Jean-Paul Belmondo au Alain Delon: Uanze na Yupi?

Mtu anayetaka kuifahamu sinema ya Ufaransa ya miaka ya 1960 na 1970 kwa kumfuatilia mwigizaji mmoja hafiki mbali kabla ya kuulizwa yuko upande wa nani: wa Jean-Paul Belmondo au wa Alain Delon. Wafaransa wamelibishania jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne, kwa ukaidi uleule wa mashabiki wa Simba na Yanga, na ubishi huo kwa kawaida huishia mahali pamoja: Delon alijaliwa sura, Belmondo alijaliwa uchangamfu. Jibu hilo si la uongo, ila halimfai mtu mwenye jioni nne au tano tu za kutazama filamu, ambaye angependa kujua azitumie vipi. Kila mmoja wao aliacha makumi ya filamu, na si chache kati ya hizo ambazo leo hazina sababu ya kutafutwa.

Niutaje msimamo wangu mapema, ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Ukihesabu filamu ambazo umri haujazitikisa, Delon anazo nyingi zaidi. Ukitafuta mwigizaji wa kutazamwa sebuleni, watoto wakiwapo na mgeni akiwa amekaribishwa chai, Belmondo hana mpinzani. Chanzo cha tofauti hiyo hakiko usoni mwa mtu. Delon alifika juu kabisa kila alipojiweka mikononi mwa mwongozaji mkali kuliko yeye. Belmondo alipendeza zaidi alipoachiwa uwanja acheze, na uwanja huohuo ulipogeuka kuwa mali yake peke yake, filamu zake zikaanza kufanana.

Kuna tahadhari moja ya kutolewa kabla ya yote. Waliokulia katika vibanda vya video wanaijua kanuni kwamba steringi hafi. Kwa hawa wawili kanuni hiyo haina nguvu: steringi hufa, tena mara nyingi, na wakati mwingine hufa kifo cha kipuuzi kabisa. Asiyeweza kulivumilia jambo hilo aende moja kwa moja kwenye filamu ambazo Belmondo aliigiza chini ya Philippe de Broca, ambamo mtu huanguka kutoka juu ya jengo, akajifuta vumbi na kuendelea kukimbia.

Mwana wa mchonga sanamu na mwanagenzi wa buchani

Belmondo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1933 katika mji wa Neuilly-sur-Seine, ubavuni mwa Paris. Baba yake, Paul Belmondo, alikuwa mchonga sanamu mwenye jina, mzaliwa wa Algiers aliyetoka katika ukoo wa Kiitaliano, na leo kazi zake zina makumbusho yake yenyewe huko Boulogne-Billancourt. Mtoto alikulia katika nyumba yenye upendo na sanaa, akawa hodari wa ndondi kuliko wa masomo, na pua yake iliyovunjika ujanani ikabaki kuwa alama ya uso wake maisha yote. Mwaka 1952 aliingia Conservatoire, chuo cha taifa cha uigizaji cha Paris, ambako alifanya urafiki wa kudumu na Jean Rochefort, Jean-Pierre Marielle na Claude Rich. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1956 waamuzi walimpa daraja la chini mno. Wanafunzi wenzake wakambeba mabegani, naye akiwa huko juu akawaonyesha waamuzi ishara ya mkono isiyo ya heshima hata kidogo. Tukio hilo lina Belmondo mzima ndani yake: anashindwa mbele ya wakubwa, anashinda mbele ya watu.

Delon alizaliwa tarehe 8 Novemba 1935 huko Sceaux, kusini mwa Paris. Wazazi wake walitengana akiwa na umri wa miaka minne, akapelekwa kulelewa katika familia nyingine ambayo baba wa nyumba alikuwa askari wa gereza la Fresnes. Alifukuzwa shule zaidi ya moja, akafundishwa kazi ya kutengeneza na kuuza nyama katika duka la baba yake wa kambo, na alipofika miaka 17 akajiunga na jeshi la wanamaji, akapelekwa Indochina wakati ambapo Ufaransa ilikuwa ikishindwa vita huko. Alirudi mwaka 1956 bila fani wala pesa, na miongoni mwa vibarua alivyofanya ni kubeba mizigo katika soko la Les Halles. Hakusomea uigizaji hata siku moja. Yves Allégret, aliyempa nafasi ya kwanza katika filamu mwaka 1957, alimshauri asiigize hata kidogo, bali atazame, azungumze na asikilize kama afanyavyo katika maisha yake ya kila siku.

Delon mwenyewe alipenda kuitaja tofauti hiyo kwa maneno mawili ya Kifaransa ambayo Kiswahili huyafanya neno moja. Belmondo, alisema, ni «comédien», yaani mtu aliyejifunza kuingia katika nafsi ya mhusika na kutoka. Yeye ni «acteur», mtu ambaye maisha yamemchukua na kumweka mbele ya kamera jinsi alivyo. Sisi tuna «mwigizaji» tu, na neno letu lina kuiga ndani yake, kwa hiyo linamkaa Belmondo vizuri kuliko linavyomkaa mwenzake. Delon haigi mtu. Anapokuwa chini ya kiwango, ni kwa sababu mhusika aliyepewa hafanani naye, na hana ufundi wa kuuficha mwachano huo.

Kinachochekesha ni kwamba sinema iliwagawia nafasi kinyume na asili zao. Mwana wa mchonga sanamu alijulikana kwa kucheza vibaka, wezi na watoto wa mitaani, na hakuna aliyetilia shaka. Kijana wa buchani naye, akiwa na umri wa miaka 27, alionekana katika «Il gattopardo» ya Luchino Visconti, filamu iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1963, akiwa Tancredi, mpwa wa mwanamfalme wa Sisilia, na ukimtazama anavyovuka ukumbi wa dansi utadhani ukoo wake umekuwa na mashamba kwa miaka mia tano.

Siku sita za Machi 1960

Ikiwa una jioni mbili tu, zitumie kwa filamu mbili zilizotoka Ufaransa kwa kupishana siku sita. «Plein soleil» ya René Clément ilitoka tarehe 10 Machi 1960, na «À bout de souffle» ya Jean-Luc Godard ikafuata tarehe 16. Zote mbili zinamhusu kijana anayeua na kutaka kuponyoka, zote mbili zilimfanya kijana huyo kuwa nyota, na baada ya hapo hazifanani katika lolote.

Filamu ya Clément imetokana na riwaya ya Patricia Highsmith kuhusu Tom Ripley, kijana maskini anayetamani maisha ya rafiki yake tajiri hadi anayachukua. Imepigwa Italia, kwa rangi, na mpiga picha Henri Decaë, na bahari yake inang'aa kiasi cha kuumiza macho. Kwa simulizi ya Delon mwenyewe, mwanzoni alikusudiwa kucheza yule tajiri, akabishana na watayarishaji usiku kucha hadi akapewa Ripley. Alikuwa na haki. Kuna kipande ambapo Ripley, baada ya kuua, anatembea katika soko la samaki akitazama meza za wachuuzi, bila neno, bila jambo lolote kutendeka, na mtazamaji anajikuta hawezi kumwondolea macho. Uzuri wa Delon hapo si pambo. Ni kitu cha hatari, kama ule wa nyoka aliyejikunja juani, na filamu nzima imejengwa juu ya ukweli kwamba watu humwamini mtu mwenye sura kama ile.

Ya Godard ilipigwa Paris kiangazi cha 1959, kwa picha nyeusi na nyeupe, kwa kamera ya mkononi ya Raoul Coutard, barabarani katikati ya wapita njia ambao baadhi yao wanageuka kumtazama mwigizaji. Mazungumzo yaliandikwa siku kwa siku, sauti ikaingizwa baadaye, na picha zimekatwa katikati ya tendo, jambo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa kosa na leo hufanywa na kila mpiga video wa harusi. Belmondo ni Michel Poiccard, mwizi wa magari ambaye amemuua askari na anamzungukia mwanafunzi wa Kimarekani, aliyechezwa na Jean Seberg. Anasema bila kupumzika, anatania, anawazungumzisha hata watazamaji, na kila mara anajipitisha kidole gumba mdomoni kumwiga Humphrey Bogart, nyota wa filamu za majambazi za Marekani. Belmondo alidhani filamu ile haitaonyeshwa popote. Wafaransa wapatao milioni mbili walikwenda kuitazama.

Ukizitazama kwa siku mbili mfululizo utajua upande wako bila kusaidiwa. Mimi naona «À bout de souffle» ndiyo iliyobadilisha sinema, na «Plein soleil» ndiyo ninayoirudia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na si lazima msomaji ayapange kama ninavyoyapanga.

Jean-Pierre Melville kama mizani

Kipimo kizuri zaidi cha kuwalinganisha ni mwongozaji aliyewatumia wote wawili. Jean-Pierre Melville alifanya filamu tatu na Belmondo, «Léon Morin, prêtre» (1961), «Le Doulos» (1962) na «L'Aîné des Ferchaux» (1963), kisha tatu na Delon, «Le Samouraï» (1967), «Le Cercle rouge» (1970) na «Un flic» (1972). Mizani iko sawa kwa idadi, na ni vigumu kupata bahati kama hiyo kwa waigizaji wengine wawili.

Anayedhani Belmondo ni mtu wa kurukaruka tu aanze na «Léon Morin, prêtre». Anacheza padri kijana katika mji mdogo wakati wa uvamizi wa Wajerumani, na karibu filamu nzima ni mazungumzo baina yake na mjane asiyeamini, aliyechezwa na Emmanuelle Riva, ambaye polepole anampenda. Belmondo hakimbii wala hapigani. Anakaa, anasikiliza, anajibu kwa ukali wenye upole, na ule uchangamfu wake wa kawaida unafichwa chini ya kanzu mpaka unakuwa mateso kwa yule mwanamke. Ni kazi bora kuliko nyingi zilizompa umaarufu, na naitaja kwanza kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Lakini Melville alikuwa mtu mgumu kazini, na wakati wa filamu ya tatu Belmondo, aliyekasirishwa na jinsi mwongozaji alivyomtendea mzee Charles Vanel, aligombana naye waziwazi na uhusiano ukakatika.

Delon hakukata. Melville alisimulia kwamba alipokwenda nyumbani kwa Delon kumsomea «Le Samouraï», Delon alimkatiza akitazama saa: dakika saba na nusu zimepita bila mtu kusema neno, akasema, nami nakubali kuicheza. Alipouliza jina la filamu na kuambiwa, alimwongoza Melville hadi chumbani mwake, ambako ukutani palikuwa na upanga wa samurai. Iwe kila neno la kisa hicho ni kweli au limepambwa kidogo, filamu yenyewe inakithibitisha. Jef Costello, muuaji wa kukodiwa, amelala kitandani katika chumba cha rangi ya majivu, ndege mmoja yumo kwenye tundu, na karibu dakika kumi zinapita kabla ya mazungumzo ya kwanza. Anainuka, anavaa koti la mvua, anaweka kofia na kupitisha vidole ukingoni mwake.

Weka ishara hizo mbili pamoja, kidole gumba cha Poiccard na ukingo wa kofia wa Costello. Zote zimekopwa kutoka filamu za majambazi za Marekani, lakini Belmondo anakopa kama mtoto anayevaa viatu vya baba yake mbele ya kioo, na anajua kwamba tunajua. Delon anakopa kama kasisi anayevaa mavazi ya ibada. Wa kwanza anatufanya tucheke naye, wa pili anatunyamazisha. Kutoka kwa huyo wa pili ndiko John Woo wa Hong Kong alikochukua mengi kwa ajili ya «The Killer» ya mwaka 1989, kwa hiyo yeyote aliyewahi kumtazama Chow Yun-fat akiua watu kwa huzuni amekwisha kukutana na kivuli cha Delon bila kukijua jina.

Nani bosi wa nani

Wote wawili walijua mapema kwamba mwigizaji asiye na kampuni yake ni mwajiriwa tu. Delon alitangulia: kwa «Mélodie en sous-sol» ya mwaka 1963, aliyoigiza na Jean Gabin, aliacha malipo ya kawaida na badala yake akachukua haki za kuiuza filamu katika nchi kadhaa, Japani ikiwamo, ambako umaarufu wake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa nyota wengi wa Marekani. Mwaka 1968 alianzisha kampuni yake, Adel. Belmondo naye alianzisha Cerito Films mwaka 1971.

Walichofanya na mamlaka hayo ndicho kinachonifanya nielemee upande wa Delon. Belmondo alikuwa amejaribu mara kadhaa kucheza mtu dhaifu au mwenye giza moyoni. Katika «La Sirène du Mississipi» ya François Truffaut (1969), inayoanzia kisiwa cha Réunion katika bahari yetu hii ya Hindi, ni mwenye kiwanda cha sigara anayedanganywa na mwanamke, Catherine Deneuve, na anaendelea kumpenda akijua anadanganywa. Watazamaji hawakumtaka hivyo. Mwaka 1974 alitayarisha na kuigiza «Stavisky» ya Alain Resnais, ikapokewa vibaya Cannes, naye akaumia na kugeuza njia. Kuanzia «Peur sur la ville» ya Henri Verneuil (1975), ambamo anakimbia juu ya paa la treni ya metro ya Paris yeye mwenyewe, bila mtu wa kumbadili katika vitendo vya hatari, kila filamu ilishonwa kwa kipimo chake: ngumi, gari, utani, mwanamke mrembo, na bango lenye jina BELMONDO kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu.

Umma ulifurahi. «Le Professionnel» (1981) na «L'As des as» (1982) kila moja ilipata watazamaji zaidi ya milioni tano nchini Ufaransa. Wahakiki walinuna, na mwaka huo wa 1982 kundi lao lilitoa tangazo gazetini likilalamika kwamba filamu ya Jacques Demy iliyotoka wakati mmoja imefunikwa na ile ya Belmondo. Belmondo akawajibu kwa barua ya wazi. Katika ugomvi ule nadhani wahakiki walikosea adabu, lakini kuhusu filamu hawakukosea sana. «Le Professionnel» yenyewe inadumu kwa sababu mbili, mwisho wake na muziki wa Ennio Morricone, ambao awali ulitungwa kwa filamu nyingine. Msomaji wa Kiswahili ataongeza ya tatu: rais wa nchi ya kubuniwa ya Kiafrika ambaye jasusi ametumwa kumuua anaitwa Njala, na nchi yenyewe ni Malagawi. Waandishi wa mswada bila shaka waliokota sauti tu; majirani zetu wa Malawi, ambao njaa kwao huitwa «njala», hawana budi kuisikia filamu hiyo kwa namna yao wenyewe.

Delon naye alitengeneza filamu nyingi za polisi na majambazi za kujitukuza, hasa alipoanza kuziongoza mwenyewe mnamo mwaka 1981, na sizipendekezi. Tofauti ni kwamba katika kipindi hichohicho cha kuwa bosi alitumia fedha na jina lake kutayarisha «Monsieur Klein» ya Joseph Losey (1976). Mwaka 1942, katika Paris iliyovamiwa, mfanyabiashara wa picha anayenunua kwa bei ya kutupa mali za Wayahudi wanaokimbia anagundua kwamba kuna Myahudi mwenye jina sawa na lake. Badala ya kujitenga, anaanza kumtafuta mwenzake huyo, na kadiri anavyotafuta ndivyo anavyozama. Delon anacheza mtu asiyependeka hata dakika moja na hafanyi jitihada yoyote ya kuomba huruma. Filamu ilipata César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, ya filamu bora, watazamaji wakawa wachache. Belmondo asingeicheza filamu hii baada ya 1975, na kwa kweli nyota wachache wa kiwango chao popote wangeigusa.

Kwa asiyejua Kifaransa

Hapa uamuzi unaweza kugeuka kulingana na mahali msomaji alipo. Utani wa Belmondo, hasa katika filamu ambazo mazungumzo yake yaliandikwa na Michel Audiard, umejaa Kifaransa cha mitaani cha Paris, maneno ya kupinda na majibu ya haraka, na ukisomwa katika tafsiri iliyoandikwa chini ya picha hubaki makapi. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa atacheka mahali ambapo mwenzake wa Mombasa au Tanga anashughulika kusoma. Delon hahitaji mkalimani. Kimya chake kilisafiri hadi Japani bila kupoteza kitu njiani, na filamu kama «Le Samouraï» ingeeleweka hata sauti ikizimwa.

Lakini mwili wa Belmondo nao hausemi Kifaransa. «L'Homme de Rio» ya de Broca (1964) ni mbio kutoka Paris hadi Rio de Janeiro na Brasília, mji mkuu mpya uliokuwa bado unajengwa, na Belmondo anaukimbilia katikati ya majengo matupu, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa kamba na kwa ndege. Mtoto wa miaka kumi asiyejua neno la Kifaransa ataifuata mwanzo hadi mwisho. Kwa jamaa inayotazama pamoja ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusita, wakati «La Piscine» (1969), ambayo Delon aliicheza pamoja na Romy Schneider, ni ya watu wazima peke yao. Wenye haraka wajue pia kwamba «Il gattopardo» na «Rocco e i suoi fratelli», zote za Visconti, hukaribia saa tatu kila moja.

Maisha yenyewe

Wapo wanaochagua mwigizaji kwa kutazama alivyoishi. Kwao Belmondo ni mwepesi wa kupenda: rafiki wa watu, mpenda ndondi na michezo, mtu aliyerudi jukwaani mwaka 1987 baada ya karibu miaka thelathini akacheza «Kean», na mwaka 1989, alipopewa César ya mwigizaji bora kwa «Itinéraire d'un enfant gâté» ya Claude Lelouch, hakwenda kuichukua, kwa sababu mchongaji César, aliyeitengeneza tuzo hiyo, aliwahi kuidharau kazi ya baba yake. Mwaka 2001 alipatwa na kiharusi, akajifunza upya kutembea na kusema. Alifariki dunia Paris tarehe 6 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 88, na taifa likamuaga rasmi katika uwanja wa Invalides.

Delon si mwepesi. Oktoba 1968, wakati «La Piscine» ikipigwa, mwili wa Stevan Marković, aliyewahi kuwa mlinzi wake, ulipatikana karibu na Paris. Delon alihojiwa na polisi bila kushtakiwa, na uvumi ukafika hadi kwa Georges Pompidou, mwanasiasa aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa. Alizoea kujitaja kwa jina lake kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Alikuwa rafiki wa Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia, na hakuficha. Alipopewa Palme d'Or ya heshima huko Cannes mwaka 2019, wanaharakati walipinga, wakikumbusha maneno yake mwenyewe juu ya kuwapiga makofi wanawake. Alifariki tarehe 18 Agosti 2024 nyumbani kwake Douchy, naye akiwa na miaka 88, baada ya miezi ambayo watoto wake walivutana hadharani, akazikwa katika kanisa dogo la shambani mwake, karibu na makaburi ya mbwa wake. Sioni sababu ya kumsafisha. Asiyeweza kumtenga mtu na kazi yake atamwacha Delon, na hatakuwa amekosea. Ila ajue anaacha pia «Monsieur Klein».

Kwa asiyetaka kuchagua

Walikuwa pamoja katika filamu moja mapema sana, «Sois belle et tais-toi» ya 1958, wakiwa vijana wasiojulikana, na walikutana tena uzeeni mwaka 1998 katika «1 chance sur 2» ya Patrice Leconte, ambayo haina zaidi ya furaha ya kuwaona. Ya kutazamwa ni «Borsalino» ya Jacques Deray (1970), hadithi ya majambazi wawili wa Marseille wa miaka ya 1930, iliyotayarishwa na Delon. Zaidi ya watu milioni nne waliitazama Ufaransa. Mkataba ulitaka majina yao yawe na uzito sawa, lakini kwenye bango Delon alitokea mara mbili, kama mtayarishaji na kama mwigizaji, na Belmondo akampeleka mahakamani.

Usiitazame kwanza. Iweke jioni ya tatu, baada ya zile mbili za Machi 1960, kisha tazama kipande cha mwanzo ambapo wanakutana kwa kugombea mwanamke mmoja, wanapigana hadi nguvu zinawaishia, halafu wanageuka marafiki. Wote wawili wamo katika picha moja, kwa mwanga mmoja, bila mwongozaji kumpendelea yeyote. Jiangalie macho yako yanakwenda kwa nani, kisha jioni ya nne chukua «Léon Morin, prêtre» au «Le Samouraï» kulingana na jibu hilo.